Kazi ya Fundi Hutazamwa Pindoni





Mama zetu walioshona kofia kwa mkono walikuwa na ada moja. Wakiletewa kofia iliyokwisha, hawakuitazama juu kwanza, waliigeuza ndani. Juu kila mshonaji hujipamba, lakini ndani ndiko hujulikana kama vifundo vya uzi vimefungwa au vimeachwa vikining'inia. Ada hiyo imetujia moyoni juma hili, kwa sababu ya swali ambalo kina mama wanatuuliza mara kwa mara. Gari la nyumbani limepelekwa kwa fundi kubandikwa filamu ya kulinda rangi, fundi asema kazi imekwisha, gari lang'aa kama kioo, na fedha zinangojewa. Je, mtu atajuaje kwamba amefanyiwa kazi njema?

Jambo hili si dogo. Kufunika sehemu ya mbele peke yake hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na gari zima hufika malaki. Fedha hizo aghalabu zimetumwa na baba au ndugu aliye ugenini, na anayesimama mbele ya fundi kuipokea kazi ni mama wa nyumba. Yeye ndiye mwenye amana mkononi.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Filamu hii ni utando wa plastiki usio na rangi, ubandikwao juu ya rangi ya gari kwa gundi iliyo nyuma yake. Mafundi huiita PPF. Asili yake ni jeshi la Marekani, ambalo katika miaka ya 1960 lilitafuta namna ya kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na kokoto. Filamu bora leo hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira na kurudi ilivyokuwa. Iliyo duni hutengenezwa kwa PVC, ambayo juani hugeuka manjano na kupasuka mapema. Unene wake huwa karibu milimita 0.15 hadi 0.2, sawa na karatasi mbili za kuandikia zikiwekwa pamoja. Nayo rangi ya gari lililotoka kiwandani, tabaka zake zote kwa jumla, aghalabu huwa kati ya milimita 0.1 na 0.15 tu. Vishikeni vipimo hivyo viwili. Tutavihitaji tutakapofika kwenye wembe.

Kwetu pwani filamu hii ina kazi ya kufanya. Jua letu ni kali, hewa yetu ina chumvi, kunguru hawana adabu, na utomvu wa mwembe ukikauka juu ya boneti hung'ang'ana. Anayesafiri njia ya Mombasa hadi Nairobi nyuma ya malori ajua kokoto zinavyodonoa rangi. Filamu hupokea mateso hayo badala ya rangi. Haizuii bodi kubonyea, wala haimlindi mtu na ajali. Si kitu cha lazima kwa kila nyumba, na mwenye gari la kumpeleka sokoni na kumrudisha hana haja ya kukopa kwa ajili yake. Lakini aliyekwisha kuamua kuitia, na aipate kazi aliyoilipia.

Sisi wenyewe tuliwahi kuliingia jambo hili tukiwa vipofu. Ndugu yetu aliye Ghuba alituma fedha ili gari la mama, ambalo watoto wote wa nyumba hupelekwa nalo chuoni, litiwe filamu mbele. Siku ya kulichukua tulikuta malengelenge madogo ya maji yametapakaa kwenye boneti. Tulipandisha sauti. Kijana aliyeifanya kazi alitueleza kwa upole kwamba ni maji, yatakauka. Tukamwambia, mbele ya wenzake, kwamba hayo ni maneno ya kila fundi, na tukazuia nusu ya malipo. Baada ya siku kumi malengelenge yote yalikuwa yameondoka. Tulirudi tumeinamisha vichwa, tukalipa, tukamtaka radhi. Na kwa kuwa aibu ilikuwa imetushika, tukaisifu kazi yote pasi na kuitazama tena.

Miezi kadhaa baadaye ukingo wa filamu karibu na taa ulianza kunyanyuka. Fundi mwingine alipoivua sehemu ile, chini yake pakaonekana mstari mwembamba kama unywele, umefuata ukingo wa boneti sawasawa. Ulikuwa mkato wa wembe. Ulikuwa umepenya rangi hadi chuma, na hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kuotesha kutu ndani yake. Hatukuwa na picha za gari kabla ya kazi, wala karatasi ya makubaliano. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mkato ule haukuwapo zamani. Tukanyamaza.

Basi kwa fundi yule yule tulidhulumu tusipostahili kulalamika, na tukasifu palipokuwa na dosari. Yote mawili yalitoka katika shina moja la kutojua. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza baadaye, kwa kuuliza, kwa kutazama na kwa kukosea.

Hukumu ya kazi huanza kabla ya kazi. Mahali panapobandikwa filamu pawe ndani ya nyumba, pamefungwa, pana mwanga wa kutosha, na sakafu imelowanishwa ili vumbi lisiruke. Uwanja wazi chini ya mwarobaini, pepo za kaskazi zikivuma, si mahali pa kazi hii hata fundi awe hodari namna gani, kwa kuwa kila chembe itakayotua juu ya gundi itabaki humo. Gari huoshwa, husuguliwa kwa udongo laini maalumu unaong'oa uchafu usiotoka kwa sabuni, kisha hupanguswa kwa spiriti. Filamu huwekwa juu ya maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili iteleze na kupangwa, halafu maji hukamuliwa nje kwa kipanguzio cha mpira. Mkiona fundi anaruka hatua za usafi, yatosha kuwa jibu.

Ombeni kuiona filamu yenyewe na boksi lake, jina la mtengenezaji na namba ya bunda. Ombeni na kipande cha mabaki. Kivuteni kidogo: poliyurethani hunyumbuka na kurudi. Kikwaruzeni kidogo kwa ukucha, kisha kimwagieni maji ya moto: filamu bora yenye tabaka la kujiponya hufuta mikwaruzo midogo mbele ya macho yenu. Jihadharini pia na majina. Kuna dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi na kuifanya ing'ae na kutiririsha maji. Ina faida zake, lakini haizuii kokoto, na si filamu. Kuna na karatasi za kubadili rangi ya gari, ambazo ni nyembamba zaidi na kazi yake ni urembo. Asilipe mtu bei ya moja akapewa nyingine.

Kisha waulizeni jinsi filamu itakavyokatwa. Wengine hutumia vipande vilivyokatwa kwa mashine kulingana na umbo la gari. Hapo wembe haukaribii rangi sana, ila kingo huishia kidogo kabla ya ukingo wa bodi, na mstari mwembamba huonekana. Wengine hutandaza filamu nzima na kuikata juu ya gari lenyewe, wakaikunja hadi nyuma ya ukingo. Hiyo hupendeza zaidi, lakini yataka mkono mtulivu. Hapa ndipo vipimo vile vinapofaa. Wembe unaokata filamu ya milimita 0.2 ukizama nusu tu ya unene huo zaidi, umekwisha kuila karibu rangi yote. Fundi mzuri hukata kwenye upenyo kati ya bodi na bodi, au hutumia utepe wenye uzi ndani yake unaokata filamu kutoka chini bila wembe kugusa gari. Muulizeni bila haya. Fundi anayejua kazi hufurahi kuulizwa.

La mwisho kabla ya kazi: zungukeni gari pamoja na fundi, mpige picha kila bodi kwa karibu, hasa kingo za boneti, milango na bampa. Andikeni sehemu zitakazofunikwa, aina ya filamu, bei, muda wa dhamana, na nini kitafanywa ikiwa ukingo utanyanyuka. Dhamana ya filamu nzuri mara nyingi huwa miaka 5 hadi 10, lakini dhamana ya filamu na dhamana ya kazi ya mkono ni vitu viwili. Ulizeni zote mbili. Sura ya al-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumtuhumu mtu. Ni kumlinda yeye na sisi.

Sasa tufike siku ya kulichukua gari. Nendeni wawili, mchana, na msiwe na haraka. Ombeni gari litolewe kwenye mwanga wa jua, kisha lirudishwe kivulini, maana kuna dosari zinazoonekana huku zisionekane kule. Tochi ya simu ikimulika kwa upande hufichua mengi. Tazameni kila bodi mkiwa umbali wa hatua moja, kisha sogeeni.

Malengelenge ya maji msiyaogope. Yakibonyezwa kwa kidole huhama au hutambaa, na kwa joto letu hukauka katika siku chache hadi majuma machache. Ukungu mwepesi chini ya filamu nao ni unyevu, utaondoka. Haya ndiyo tuliyomtolea kijana wa watu maneno makali. Kiputo cha hewa ni kingine: ni duara kavu, king'avu, kikibonyezwa hurudi palepale. Hicho hakitaondoka chenyewe.

Chembe moja mbili za vumbi, zisizoonekana kwa aliyesimama hatua moja, ni katika udhaifu wa kazi ya binadamu. Lakini chembe zikiwa nyingi katika bodi moja, au kukiwa na unywele au uzi wa kitambaa chini ya filamu katikati ya boneti, bodi hiyo yastahili kurudiwa. Tafuteni mistari kama alama za mawimbi ufukweni maji yakishatoka: hiyo ni mistari ya gundi iliyovurugika, filamu iliponyanyuliwa na kubandikwa tena. Tafuteni michirizi pembeni mwa bampa na kwenye vioo vya pembeni. Ni dalili kwamba filamu ilivutwa kupita kiasi ili ifike. Iliyovutwa namna hiyo hukonda, na siku moja itataka kurudi ilikotoka.

Kisha njooni pindoni, huku mama zetu walikoanzia. Piteni kwa ncha ya kidole kila ukingo: boneti, matao ya magurudumu, kuzunguka taa, chini ya vishikio vya milango, kuzunguka nembo. Kidole kisikute mahali palipoinuka, wala mikunjo midogo iliyokusanyika kama marinda. Pembe ndizo za kutazamwa zaidi, kwa kuwa pembe ndipo filamu iliyonyooka hulazimishwa kukubali umbo lisilonyooka. Ukingo ulionyanyuka siku ya kwanza haujitengenezi. Vumbi likishaingia, gundi imekufa, na dawa ni kukata kipande kile au kukibadilisha. Ukingo wa kulia ulingane na wa kushoto. Fungueni boneti na milango mtazame kama filamu imekunjwa kwa usafi ndani, na kama matundu ya kurushia maji ya kioo na vihisi vya kuegeshea gari viko wazi au vimefunikwa vile mlivyokubaliana.

Hatimaye ulizieni wembe. Mulikeni tochi kwenye mipenyo ya bodi na kuzunguka nembo na taa, mtafute mstari mwembamba ulionyooka mno kuwa mkwaruzo wa kawaida. Linganisheni na picha zenu. Sisi hatukufanya hivyo.

Ikipatikana dosari, semeni kwa utaratibu, faraghani, mkionyesha kwa kidole na si kwa sauti. Mtume, sala na amani zimshukie, alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu, watu wapate kuiona, na akaonywa kuhusu ghushi. Kisa hicho kimo katika Sahih Muslim, nacho chatufundisha mambo mawili: kwamba mnunuzi ana haki ya kutia mkono ndani ya lundo, na kwamba alipewa kwanza nafasi ya kujieleza. Fundi aliyekosea naye apewe nafasi ya kurekebisha. Na kazi ikiwa njema, alipwe papo hapo kwa ukamilifu. Kuchelewesha ujira wa aliyetoka jasho ni dhuluma, na zile siku kumi zetu bado zatulemea.

Nanyi vijana mnaofanya kazi hii, ambao mama zenu huusoma ukurasa huu na kuwasimulia, twawaomba jambo. Wembe ukiteleza, semeni. Filamu haionyeshi mkato ulio chini yake kwa macho ya mteja, lakini haiufichi kwa Mola wenu, na chumvi ya bahari ina subira kubwa kuliko yenu. Aliyeambiwa siku ya kwanza hukasirika siku moja. Aliyegundua mwenyewe baada ya mwaka hawaamini mafundi wote wa mji.

Kuna tahadhari mbili za mwisho. Kwanza, magari yetu mengi huja yakiwa yametumika, na mengi yamepigwa rangi upya mahali fulani. Rangi mpya yataka ikauke kabisa, angalau siku 30, kabla ya kubandikwa filamu. Na siku ya kuivua filamu, rangi isiyo ya kiwandani yaweza kubanduka nayo. Hilo si kosa la fundi iwapo aliwaambia mapema, kwa hiyo mwambieni kweli ya gari lenu. Na anayeuza gari asitumie filamu kufunika rangi iliyochubuka. Sheria yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake.

Pili, kazi njema huharibiwa na matunzo mabaya. Msilioshe gari kwa juma zima la mwanzo. Baada ya hapo oshweni kwa mkono na sabuni laini, na mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kingo kwa karibu. Kinyesi cha ndege na utomvu viondolewe siku hiyo hiyo. Hata filamu hupata doa. Kisha rudini kwa fundi baada ya majuma mawili hadi manne ili mtazame pamoja tena. Fundi anayeikubali ahadi hiyo kabla hajalipwa, bila kuchukizwa, aghalabu ndiye mnayemtafuta.

Gari la mama limekwisha kutiwa filamu nyingine, baada ya ule mkato kusafishwa kutu na kupakwa rangi na siku zake kutimia. Safari hii mama mwenyewe alikwenda kulipokea. Alilizunguka polepole, akapitisha kidole pindoni mwa boneti kama apimaye pindo la leso, akainama chini ya taa zote mbili. Kisha akamlipa fundi yote, akamwombea dua, akaingia garini kuwafuata watoto chuoni.

Tunamuomba Allah azifanye kazi za mikono yetu kuwa kamilifu, chumo letu liwe halali, na atusamehe tulipowahukumu watu kabla ya kujua. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.